Kazi Mbili za Mwaka 1967

Somo kwa vikundi vya mtaa. Kabla ya kukutana, kila mmoja asome: 2 Wakorintho sura ya 8 yote, 1 Wakorintho 16:1-4, Warumi 15:25-31, Matendo 11:27-30 na 20:1-6.



Tukisikia habari za mikutano ya mataifa, wengi wetu huona kuwa ni mambo ya wakubwa. Wanasafiri, wanapigwa picha wameshikana mikono, wanatia sahihi, wanarudi kwao. Nasi tunaendelea na jembe letu. Lakini kila Jumapili tunawaombea watawala wa mataifa, na katika Litania tunamwomba Bwana atuokoe na tauni na njaa, mambo ambayo hayasimami mpakani kuonyesha pasi. Kwa hiyo ni vema tujue tunaomba nini. Ni kitu gani hufanya kazi ya mataifa pamoja isimame, na ni kitu gani huiangusha? Maandiko yana neno juu ya hilo, nalo limo katika sura ambayo mara nyingi tunaisoma tu wakati kanisa linapotaka fedha za bati.

Tutaanza na historia ya hapa kwetu na ya jirani zetu, kisha tumwendee Mtume Paulo.

NYUMBA YA NDUGU WATATU

Tarehe 6 Juni 1967, mjini Kampala, marais watatu, Julius Nyerere wa Tanzania, Jomo Kenyatta wa Kenya na Milton Obote wa Uganda, walitia sahihi mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba ulianza kazi tarehe 1 Desemba mwaka uleule. Vingi vya vyombo vyake vilikuwapo tangu siku za Waingereza: reli, posta na simu, bandari, ndege, forodha. Mkataba ulivipa msingi mpya chini ya nchi zilizo huru, na ukavigawa ili kila mmoja awe na kitu nyumbani kwake. Makao makuu ya Jumuiya yakawa Arusha. Reli na ndege ziliongozwa kutoka Nairobi, bandari kutoka Dar es Salaam, posta na simu kutoka Kampala. Na Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki nayo ikawekwa Kampala.

Kama kulikuwa na watu duniani waliokuwa na sababu ya kupatana, ndio hao. Wamasai wako pande mbili za mpaka, Wakuria vilevile, na Wajaluo wako katika nchi zote tatu. Kiswahili kilikuwa kikisikika kutoka Mombasa mpaka Kigoma. Marais wenyewe waliitana ndugu. Hata Kanisa letu lilikuwa na sura hiyo: tangu 1960 Kenya na Tanganyika zilikuwa Jimbo moja la Afrika Mashariki chini ya Askofu Mkuu Leonard Beecher, mpaka 1970 tulipokuwa majimbo mawili, Kenya wakiwa na Askofu Mkuu Festo Olang' na sisi Tanzania na Askofu Mkuu John Sepeku. (Sisi tuligawana kwa amani. Ni kweli kwamba hatukuwa na mabehewa wala ndege za kugombania.)

Nyumba ile ya ndugu watatu ilidumu miaka kumi tu.

Ukiwauliza wazee sababu, kila mmoja atakupa yake. Mmoja atasema ni Idi Amin. Mwingine atasema ni mabepari wa Kenya, na ukivuka mpaka utaambiwa ni Ujamaa wa Tanzania. Kila mmoja ana kipande cha kweli, lakini kipande kimoja kilitangulia vingine vyote: faida haikuwa sawa. Viwanda vingi vilikuwa Kenya tangu wakati wa ukoloni. Soko likiwa moja, mwenye kiwanda huuza kwa wote, na asiye nacho hununua tu. Waliotunga mkataba walilijua hilo, wala hawakulifumbia macho. Waliruhusu nchi inayouza kidogo itoze kodi maalumu juu ya bidhaa za viwandani kutoka kwa jirani, ili viwanda vyake vichanga vipate kupumua. Na katika ile Benki walipanga jambo la kutazamwa sana: nchi zote tatu zichangie mtaji sawasawa, lakini katika kukopesha, Tanzania ipate asilimia 38.75, Uganda asilimia 38.75, na Kenya asilimia 22.5. Aliyetangulia alikubali apate kidogo ili wenzake wamfikie. Tutalirudia jambo hili tukifika kwa Paulo.

Basi dawa ilikuwapo, ila ilikuwa ndogo kuliko ugonjwa. Viwanda viliendelea kumiminika kule vilikokuwa vimekwisha kuota mizizi, na manung'uniko yakazidi.

Kisha tarehe 25 Januari 1971 Amin alimpindua Obote. Kwa mkataba, mambo makubwa ya Jumuiya yaliamuliwa na Mamlaka, yaani marais watatu wakiwa wamekaa pamoja. Mwalimu Nyerere alikataa kukaa meza moja na Amin, na tangu hapo Mamlaka haikukutana tena. Tusiharakishe kumlaumu. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa chini ya utawala huohuo, na Mkristo anayesema kwamba ilitosha tu "kukaa na kuzungumza" na amkumbuke Luwum. Lakini tuone udhaifu uliokuwamo katika ujenzi wa nyumba yenyewe. Jambo zito lilipita katika mlango mmoja tu, na mlango huo ulikuwa urafiki wa watu watatu. Ulipofungwa, hapakuwa na mlango mwingine. Mawaziri walijitahidi, barua zilizungushwa kutoka mji mmoja hadi mwingine, lakini uamuzi haukupatikana.

Baada ya hapo ilikuwa ni fedha. Mapato yaliyokusanywa katika nchi moja yalianza kuzuiliwa yasipelekwe makao makuu ya shirika katika nchi nyingine. Kila mmoja alisema anadai, na kila mmoja alikuwa na karatasi za kuonyesha. Kufikia mwanzo wa 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikuwa limesimama, Kenya ikaanzisha shirika lake, na Februari Tanzania ikafunga mpaka. Katikati ya mwaka huo bajeti ya Jumuiya haikupitishwa, na Jumuiya ikafa.

Mazishi yake yalichukua muda karibu sawa na maisha yake. Mswisi mmoja, Victor Umbricht, aliitwa kuwa msuluhishi, akahesabu mali na madeni, na tarehe 14 Mei 1984 nchi tatu zilitia sahihi Arusha juu ya mgawanyo: Kenya asilimia 42, Tanzania asilimia 32, Uganda asilimia 26. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulikuwa umefunguliwa tena Novemba 1983. Lakini wazee waliokuwa makarani, mafundi na madereva wa treni wa Jumuiya waliendelea kudai mafao yao hapa Tanzania hata baada ya mwaka 2000, na wengi walikufa wakidai. Wakubwa wakikosana, anayekosa unga ni mstaafu na mjane wake.

MPISHI WA MERKA

Sasa tuigeukie kazi ya pili iliyoanza mwaka uleule wa 1967.

Vijana hawaujui ndui. Wazee wanaujua, na wengine bado wana alama ya chanjo begani. Ulikuwa ugonjwa wa vipele vilivyojaa usaha, homa kali na upofu, na kwa aina yake iliyo kali watu karibu watatu katika kila kumi walikufa. Aliyepona alibaki na makovu usoni. Inakadiriwa kwamba mwaka 1967 peke yake watu milioni 10 hadi 15 waliugua duniani, na milioni 2 hivi walikufa. Mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilianza mpango mpya wa kuufuta ndui usiwepo tena, nchi hata nchi.

Wazo la kuufuta lilikuwa limeletwa mbele ya Shirika mwaka 1958 na Mrusi, Viktor Zhdanov. Umoja wa Kisovyeti ulitoa chanjo bure, mamilioni kwa mamilioni ya dozi kila mwaka. Aliyewekwa kuongoza kazi Geneva alikuwa Mmarekani, D. A. Henderson. Kumbukeni siku zenyewe: ni wakati wa vita vya Vietnam, wakati Urusi na Marekani zilielekezeana makombora ya kuiangamiza dunia. Hawakupendana hata kidogo. Lakini chanjo ya Mrusi iliingia katika mkono wa Mwafrika na Mhindi chini ya usimamizi wa Mmarekani, na ikafanya kazi yake.

Tusidhani walifaulu kwa sababu ya fedha nyingi. Kazi yote iligharimu kama dola milioni 300 za Marekani, na takriban theluthi mbili zilitolewa na nchi zilezile zilizokuwa na ugonjwa, yaani nchi maskini. Walichotumia vizuri kilikuwa akili na hesabu. Chanjo yenyewe ilikuwa imekaushwa ili istahimili joto. Sindano ilikuwa ndogo, yenye ncha mbili kama uma. Mtu asiyejua kusoma aliweza kufundishwa kuitumia kwa muda mfupi. Tena walijifunza jambo kubwa kutoka mashariki ya Nigeria. Desemba 1966 daktari mmoja mmishonari wa Kilutheri, William Foege, alikuta ndui umezuka na chanjo haimtoshi kuchanja watu wote. Jioni akaongea na wamishonari wa eneo lile kwa redio zao, akawagawia sehemu za ramani, akawaomba watume watu kila kijiji kuuliza kama kuna mgonjwa. Walipojua wagonjwa wako wapi, walichanja waliowazunguka tu, kama watu wanaokata nyasi kuuzingira moto. Ndui ukafa pale. Njia hiyo ndiyo iliyosafiri duniani. Kwa hiyo kazi haikuwa tena kuhesabu waliochanjwa. Ilikuwa kumtafuta kila mgonjwa na kumtangaza bila kuficha, hata kama habari hiyo inaitia serikali aibu.

Mwisho ulikuja jirani yetu, Somalia. Mwaka 1977 Somalia ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 3,000, na mwaka huohuo ilikuwa vitani na Ethiopia. Mnamo Oktoba, katika mji wa Merka, wagonjwa wawili, watoto, walikuwa wakipelekwa kambini kwa gari, na kijana mmoja, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, alipanda gari hilo kuonyesha njia. Safari ilikuwa ya dakika chache. Maalin alikuwa hajachanjwa. Yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba aliogopa maumivu ya sindano. Tarehe 26 Oktoba vipele vilimtoka. Kwanza walidhani ana malaria, kisha tetekuwanga, mpaka ikajulikana ni ndui. Katika majuma mawili watu zaidi ya 50,000 walichanjwa kumzunguka mtu huyo mmoja. Alipona, na hakuna aliyeambukizwa naye. Alikuwa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida. Tarehe 8 Mei 1980 mkutano wa mataifa wa Shirika la Afya ulitangaza kwamba ndui umekwisha duniani. Maalin alikuja kuwa mhamasishaji wa chanjo ya polio katika nchi yake, akiwaambia wazazi wasiogope kama alivyoogopa yeye. Akafa kwa malaria Julai 2013 akiwa katika kazi hiyo.

Tazameni basi. Kazi mbili zilianza mwaka mmoja, na zote mbili ziliisha mwaka mmoja, 1977. Ndugu walioshikana mikono walivunja nyumba yao. Maadui waliochukiana walimaliza kazi yao. Hili linatutatiza sisi tunaohubiri upendo, na ni afadhali litutatize kuliko kulipita haraka.

MCHANGO WA PAULO

Paulo aliandika juu ya upendo kuliko mtume mwingine labda ila Yohana tu. Lakini alipotaka makanisa ya mataifa mbalimbali yafanye kazi moja, hakutegemea upendo peke yake.

Jambo lilianza na njaa. Katika Matendo 11 tunasoma kwamba nabii Agabo alitabiri njaa kubwa, iliyotokea wakati wa Kaisari Klaudio, na Wakristo wa Antiokia wakaazimu kupeleka msaada kwa ndugu wa Uyahudi. Baadaye Paulo alifanya kazi kubwa zaidi ya namna hiyo: mchango kutoka makanisa ya Galatia, Makedonia na Akaya kwa watakatifu maskini wa Yerusalemu. Waliochanga walikuwa hasa watu wa Mataifa, Wayunani na wengineo; waliopewa walikuwa Wayahudi, ambao wengi wao bado waliwashuku wale wasiotahiriwa. Ilichukua miaka. Na Wakorintho, waliokuwa wa kwanza kuahidi, walikuwa wamelegea. Paulo haoni haya kuwakumbusha kwamba walianza mwaka uliotangulia na sasa watimize (8:10-11). Nani kati yetu hajawahi kuona daftari la ahadi za jengo likiwa hivyo?

Tuangalie alivyoipanga kazi ile.

Kwanza kabisa, tuone neno analolitumia katika mstari wa 13 na 14. Anasema hataki wengine wapate raha na Wakorintho wapate dhiki. Anachotaka ni usawa. Na usawa wake haumaanishi kila mtu atoe kiasi kilekile, maana katika mstari wa 12 amesema mtu hupimwa kwa alicho nacho. Ni usawa wa kwenda na kurudi: leo wingi wenu unafaa upungufu wao, kesho wingi wao utafaa upungufu wenu. Kisha anawakumbusha habari ya mana katika Kutoka 16, jinsi aliyeokota nyingi hakubakiwa na ziada, wala aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Katika Warumi 15:27 anakwenda mbali zaidi, anauita mchango ule deni: watu wa Mataifa wamekwisha kula katika mambo ya roho ya Wayahudi, nao wanapaswa kuwahudumia kwa mambo ya mwili. Kwa hiyo Yerusalemu haikuwa ombaomba, wala Korintho haikuwa mfadhili.

Pili, kuna jambo la hesabu. Hapa ninaomba vikundi visome polepole mstari wa 16 hadi 22. Paulo hasemi, "Mimi ni mtume, nileteeni mimi." Anamtuma Tito, na pamoja naye ndugu mwingine, ambaye hatuambiwi jina lake, lakini tunaambiwa kwamba alichaguliwa na makanisa yenyewe asafiri nao. Tena anamwongeza wa tatu. Sababu anaitaja waziwazi: hataki mtu apate nafasi ya kuwalaumu katika fedha nyingi kama hizo, maana wanataka mambo yawe mema mbele ya Bwana na mbele ya wanadamu pia. Ukisoma 1 Wakorintho 16, alikuwa amekwisha kuagiza kwamba kila mtu aweke akiba nyumbani kila siku ya kwanza ya juma, na kwamba wachukuzi wawe wale watakaokubaliwa na Wakorintho wenyewe kwa barua. Paulo mwenyewe atakwenda tu ikiwa inafaa.

Katika Matendo 20:4 tunawaona njiani: Sopatro wa Beroya, Aristarko na Sekundo wa Thesalonike, Gayo wa Derbe, Timotheo, Tikiko na Trofimo wa Asia. Mara nyingi tunayaruka majina haya kwa sababu ni magumu kutamka. Wengi wa wafafanuzi wa Maandiko wanaona kwamba ndio wajumbe wa makanisa waliokuwa wakisindikiza mchango. Kila jimbo lina jicho lake safarini.

Na je, mambo yaliisha vizuri? Katika Warumi 15:31 Paulo anaomba aombewe ili mchango ukubaliwe na watakatifu. Hakuwa na hakika. Alifika Yerusalemu, na siku chache baadaye alikamatwa hekaluni, Trofimo yule wa Asia akiwa kisingizio (Matendo 21:29). Luka hatuambii kama walishangilia fedha zile. Hata hivyo hatusikii mahali popote, hata kwa adui zake, kwamba Paulo alizila.

TUYAWEKE PAMOJA

Mtu anaweza kusema: basi upendo hauhitajiki, inatosha hesabu. Hapana. Wamakedonia walitoa katika umaskini wao kwa sababu walijitoa kwanza kwa Bwana (8:5), na hesabu haiwezi kumfanya maskini atoe. Lakini Paulo alijua kwamba upendo kati ya watu walio mbali, wenye lugha na desturi mbali mbali, huchoka upesi ukiona dalili ya kupunjwa. Mke na mume wanaweza kuishi bila daftari. Mataifa matatu hayawezi.

Kwa kipimo hiki, waliotunga Benki ya Afrika Mashariki walikuwa karibu sana na 2 Wakorintho 8 walipompunguzia aliyetangulia. Kosa halikuwa kwamba Jumuiya ilikosa nia njema, bali usawa ule uliachwa mdogo, na mifuko ilishikwa na kila mwenye nchi, na hapakuwa na yule "ndugu aliyechaguliwa na makanisa" ambaye wote walimwamini azione hesabu za wote. Alipatikana Umbricht, lakini nyumba ilikuwa imekwisha kuanguka.

Kwa upande wa ndui, Mrusi na Mmarekani hawakuhitaji kuaminiana katika mambo yote. Walihitaji kukubaliana juu ya kitu kimoja kinachohesabika: wagonjwa wangapi wamebaki, na wako wapi. Na faida ilikwenda pande zote. Marekani ilikuwa imekaa bila ndui tangu 1949, lakini ilikuwa ikiendelea kuchanja watoto wake kwa gharama kubwa kwa sababu ndui bado ulikuwa Asia na Afrika. Ndui ulipozidi kutoweka, tajiri naye alipumzika.

Mambo haya si ya kale tu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kazi tarehe 7 Julai 2000. Katika utangulizi wake mkataba huo unataja kwa nini ile ya kwanza ilikufa: utashi dhaifu wa viongozi, wananchi na wafanyabiashara kutoshirikishwa vya kutosha, na faida kuendelea kugawanyika bila usawa. Ni jambo la heshima kwa serikali kuandika hivyo. Rwanda na Burundi ziliingia 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022, Somalia 2024. Sasa ni nchi nane. Na manung'uniko yaleyale tunayasikia tena: michango inachelewa, na watumishi wa Arusha wanashindwa kufanya kazi zao kwa wakati. Wakorintho hawajaisha.

Na ugonjwa je? Tarehe 20 Januari 2025, Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, alitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umethibitishwa Biharamulo, mkoani Kagera. Kagera inapakana na Uganda, Rwanda na Burundi, na malori na mabasi hupita huko usiku na mchana. Ulikuwa mlipuko wa pili mkoani humo katika miaka miwili. Siku hiyohiyo, Washington, Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kuitoa Marekani katika Shirika hilo la Afya. Na moja ya sababu alizotoa ni kwamba nchi yake inalipa kupita haki na wengine wanalipa kidogo. Tunaweza kutokubaliana naye, lakini tulisikie neno lenyewe: ni lalamiko la usawa, lilelile la Korintho na la Afrika Mashariki ya 1977. Halijibiwi kwa kuimba nyimbo za umoja. Linajibiwa kwa kuketi na hesabu. Marburg ya Kagera ilitangazwa kuwa imekwisha tarehe 13 Machi 2025, baada ya wahudumu kuwafuatilia nyumba kwa nyumba watu waliokaa na wagonjwa, kazi ileile iliyofanyika Merka.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Someni tena 2 Wakorintho 8:13-15. Ile Benki ya 1967 ilitaka michango sawa na mikopo isiyo sawa. Je, Paulo angekubali? Elezeni sababu.

2. Mwalimu Nyerere alikataa kukaa na Amin, na Jumuiya ikakwama. Je, kuna wakati ambapo Mkristo lazima akatae meza moja na mtu, hata kazi njema ikiharibika? Wasikilizeni wote wawili, anayesema ndiyo na anayesema hapana, na msipige kura.

3. Maalin aliogopa sindano. Katika mtaa wetu ni watu gani wanaoogopa chanjo au wanaoficha mgonjwa, na wanaogopa nini hasa? Nani anaweza kwenda kuzungumza nao?

4. Fedha za mfuko wa wagonjwa na wajane katika mtaa wetu zinahesabiwa na watu wangapi, nao walichaguliwa na nani? Mzee wa kanisa alete daftari siku ya kikundi, lisomwe mbele ya wote.

5. Je, kuna mstaafu wa reli, bandari au posta ya Jumuiya ya zamani katika mtaa wetu, au mjane wake? Mwombeni aje awasimulie. Kama hawezi kutembea, kikundi kiende kwake.